Mfalme Aliyeogopa Maikrofoni



Jumapili iliyopita tulisoma Kutoka sura ya 4, pale Musa anapomweleza Mungu kwamba yeye si mtu wa maneno na kinywa chake ni kizito. Baada ya ibada nilisimamishwa mlangoni na watu kadhaa, na karibu wote walikuwa na swali moja: kwani Musa alikuwa na kigugumizi? Maandiko hayafafanui zaidi ya hapo, na mimi sitayaongezea. Lakini kwa jinsi nilivyoulizwa, nilijua wengine hawakuwa wanauliza habari za Musa. Walikuwa wanauliza habari za mtoto wao.

Kwa hivyo wiki hii, katika ukurasa huu wa maisha ya watu, nimemchagua mtu ambaye kigugumizi chake kinajulikana vizuri. Tunajua kilimwanza akiwa na umri gani, sauti zipi zilimkwamisha, nani alimsaidia, na hata hotuba zake zimehifadhiwa, unaweza kuzisikiliza mwenyewe kwenye simu yako. Ni George wa Sita, mfalme wa Uingereza kuanzia 1936 hadi 1952, baba yake Malkia Elizabeth.

Najua kuna mzee atakayekunja uso hapo. Huyu ndiye mfalme ambaye kichwa chake kilikuwa kwenye sarafu wakati babu zetu wakilipa kodi. Kwa jina lake vijana wetu waliingizwa KAR, ile waliyoiita Keya, wakapigana mpaka Burma, wakarudi nyumbani bila hata kipande cha ardhi huku maaskari wazungu wakigawiwa mashamba. Hata Hospitali ya Kenyatta pale Nairobi, kabla ya uhuru, ilibeba jina lake. Hayo yote ni kweli na siyafichi. Leo nataka tuangalie koo lake tu.

Alizaliwa tarehe 14 Desemba 1895 huko Sandringham, akapewa jina Albert, na nyumbani wakamwita Bertie. Hakuna aliyemtazamia kuwa mfalme. Kaka yake David alikuwa amemtangulia kwa mwaka mmoja na nusu, na huyo ndiye aliyekuwa mrithi: mchangamfu, mzuri wa sura, mwepesi wa maneno. Bertie alikuwa mwenye haya na mwepesi wa kulia, na tumbo lilimsumbua tangu utotoni. Yaya wao wa kwanza alimpenda David, na yule mdogo akampuuza. Miguu yake ilikuwa imepinda magotini, kwa hivyo alifungwa vibao vya kuinyoosha, akateseka navyo kwa muda mrefu. Halafu kwa asili yake alikuwa wa mkono wa kushoto, lakini akalazimishwa kuandika kwa mkono wa kulia. Hilo la mkono wengi wetu tunalijua. Wako watu wazima humu kanisani ambao walichapwa fimbo kwa kushika kalamu na mkono wa kushoto.

Alipofika miaka 7 au 8, kigugumizi kikaonekana wazi.

Baba yake, ambaye baadaye alikuwa Mfalme George wa Tano, alikuwa mtu wa jeshi la majini, mkali na mwenye haraka. Mtoto akikwama, baba alimhimiza atoe neno upesi. Na katika nyumba ile kulikuwa na desturi ya watoto kukariri mashairi mbele ya wakubwa siku za sherehe za familia. Fikiria mtoto huyo amesimama katikati ya chumba, shangazi na wajomba wamenyamaza wakimsikiliza, shairi analijua lote kichwani, na neno la kwanza limekataa kutoka. Mwalimu wa shule ya Jumapili anayesoma hapa atanielewa haraka, maana sisi pia tuna siku zetu za kukariri mistari ya Biblia.

Wacha nisimame hapo kidogo nieleze kigugumizi chenyewe, kwa sababu wengi tunadhani ni kitu kimoja tu, kile cha kurudiarudia. Kuna kurudia, ndiyo, ma-ma-mama. Kuna pia kuvuta, ambapo herufi moja inakuwa ndefu kama filimbi, sssss-sasa. Na kuna kukwama kabisa: mdomo umeshafunguka, umbo la neno liko tayari, lakini hewa imekatika na hakuna sauti inayotoka. Hicho cha tatu ndicho kigumu zaidi kwa msikilizaji kukitambua, kwa sababu kinafanana na kimya. Watu hudhani mtu amesahau, au anaficha jambo, au hana akili. Kigugumizi cha Bertie kilikuwa zaidi cha namna hiyo ya kukwama. Ukisikiliza hotuba zake leo utasikia vituo virefu katikati ya sentensi, na kama hujui habari yake unaweza kufikiri ni madaha ya kifalme.

Pamoja na hayo kuna dalili za mwili. Macho hupepesa, taya hutetemeka, shingo hukaza, mguu hugonga sakafu, mtu huangalia pembeni. Mwili mzima unasaidia kusukuma neno moja. Na kuna dalili ambazo huwezi kuziona hata ukae na mtu miaka kumi. Mtu mwenye kigugumizi hujifunza kukimbia maneno. Akitaka kusema karanga na anahisi K inakataa, atasema njugu. Mshirika mmoja aliniambia kwamba kwa miaka mingi alikuwa anashuka kwenye matatu kituo kimoja mbele ya kwake kisha anarudi kwa miguu, kwa sababu jina la kituo chake lilikuwa halitoki mbele ya konda. Sisi tulimwona mtu anayependa kutembea! Na neno gumu kuliko yote mara nyingi ni jina la mtu mwenyewe, kwa sababu jina halina neno lingine la kuliponya. Kumbuka hilo tunapowaambia wageni wasimame wajitambulishe.

Bertie alikwamishwa sana na sauti ya K, na ya G vilevile. Mwaka 1909 alipelekwa chuo cha wanamaji cha Osborne, akiwa na miaka 13. Siku moja katika somo la hesabu aliulizwa nusu ya nusu ni nini. Jibu alikuwa nalo, mtoto yeyote wa umri ule angekuwa nalo. Lakini kwa Kiingereza neno la robo linaanza na ile ile sauti ya K. Alinyamaza, na mwalimu akachukulia kwamba hajui. Mwisho wa masomo pale Osborne alikuwa wa 68 kati ya wanafunzi 68. Sisemi kigugumizi peke yake kilimweka mkiani, hata yeye hakuwa mpenzi mkubwa wa vitabu. Nasema tu kwamba mtihani wa mdomo kwa mtoto kama huyu haupimi unachodhani unapima.

Zamani watu walilaumu ule mkono wa kushoto, wakamlaumu yaya, wakamlaumu baba. Wataalamu wa leo wanatuambia chanzo kiko zaidi katika jinsi ubongo unavyopanga na kuratibu matamshi, na kwamba mara nyingi hutembea katika ukoo. Kwa kawaida huanza kati ya miaka 2 na 5, wakati mtoto anajifunza maneno mengi kwa mpigo. Karibu mtoto mmoja kati ya 20 hupitia kipindi cha kugugumia, na wengi wao hupona wenyewe. Kwa watu wazima hubaki karibu mtu mmoja kati ya 100, wanaume wengi kuliko wanawake. Piga hesabu: kanisa la watu 500 lina watu watano hivi, na huenda humjui hata mmoja kwa sababu wamejifunza kunyamaza. Hofu na aibu havileti kigugumizi, ila hukiongeza makali, kama petroli kwenye moto ambao tayari unawaka.

Na hapa niseme kama mchungaji, bila kuzunguka. Kigugumizi si pepo, wala si laana ya ukoo, wala si dalili ya imani ndogo ya mama. Nimewahi kuona mahali fulani mtoto wa miaka tisa ameitwa mbele, ameombewa kwa sauti kubwa, kisha maiki ikawekwa mdomoni mwake ataje jina lake ili watu waone muujiza. Hakuweza. Akaombewa tena, maiki ikarudi. Wapendwa, naamini katika maombi na Mungu huponya, nitaendelea kumwombea yeyote anayeniomba. Lakini kile nilichoona siku hiyo kilikuwa kumfanya mtoto maonyesho, na ndicho kitu kibaya kuliko vyote unavyoweza kumfanyia mwenye kigugumizi.

Turudi kwa Bertie. Alikuwa na ujasiri wa aina nyingine. Tarehe 31 Mei 1916, katika vita vikubwa vya baharini vya Jutland, alikuwa ndani ya mnara wa mizinga wa meli iitwayo Collingwood, kijana wa miaka 20, na alifanya kazi yake huku makombora yakianguka baharini karibu nao. Baadaye vidonda vya tumbo vilimtoa melini, akapasuliwa. Mwaka 1920 baba yake alimfanya Mtawala wa York. Akampenda Lady Elizabeth Bowes-Lyon, ambaye alimkataa mara mbili kabla ya kukubali, wakaoana Aprili 1923. Nawaambia vijana wetu wa kiume: mtu ambaye kila sentensi kwake ni mlima alirudi kuuliza swali lile lile mara ya tatu.

Desemba 1924 mume na mke hawa walishuka Mombasa, wakapanda treni mpaka Nairobi, wakazunguka Kenya na Uganda kwa miezi kadhaa kabla ya kurudi kwao kupitia Sudan. Naiweka safari hiyo hapa kwa sababu ilikuwa moja ya mara chache ambapo mtu huyu aliishi mbali na majukwaa. Alirudi nyumbani, na tarehe 31 Oktoba 1925 akatakiwa kufunga maonyesho makubwa ya himaya pale Wembley, mbele ya umati na vipaza sauti. Vipaza sauti vilikuwa teknolojia mpya ya enzi hiyo, na kwake vilikuwa adui. Vilipeleka kila kukwama kwake hadi kona ya mwisho ya uwanja. Alimaliza hotuba, lakini ilikuwa mateso kwake na kwa waliomsikiliza. Alikuwa ameshapelekwa kwa wataalamu kadhaa bila mafanikio, na sasa aliamini hakuna dawa.

Mke wake ndiye aliyemshawishi ajaribu mara moja tena. Tarehe 19 Oktoba 1926 alipanda ngazi za nyumba namba 146, Harley Street, London, kumwona Lionel Logue.

Logue alikuwa Mwaustralia, mzaliwa wa Adelaide. Hakuwa daktari. Alikuwa mwalimu wa matamshi na usomaji wa jukwaani, na kipawa chake kilijitokeza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia alipowasaidia askari waliorudi Australia wakiwa wamepoteza usemi kwa sababu ya gesi na mshtuko wa mabomu. Alihamia London mwaka 1924 bila jina wala wateja. Kitu kimoja cha biashara yake nimekipenda sana: ada aliyowatoza matajiri ilimwezesha kuwahudumia wasio na pesa. Darasani tulifundishwa hesabu za namna hiyo kwa michoro mingi, yeye aliifanya tu.

Alitaka Mtawala aje kwake, kama mgonjwa mwingine yeyote, na ndani ya chumba kile wawe watu wawili walio sawa. Alimpima akaona kwamba misuli ya koo na ule msuli mpana chini ya mapafu havifanyi kazi kwa pamoja. Hewa na sauti hazikutani. Akampa mazoezi ya saa nzima kila siku: kupumua kwa tumbo, kusukutua koo kwa maji ya uvuguvugu, kusimama kwenye dirisha lililo wazi na kutamka irabu kwa sauti, kila moja kwa sekunde 15. A, e, i, o, u, kama mtoto wa chekechea. Mwana wa mfalme! Lakini lililomsaidia zaidi, nadhani, ni kuambiwa na mtu anayejua kazi kwamba tatizo lake halikuwa kichwani na kwamba linaweza kufanyiwa kazi. Kwa miaka 20 alikuwa amebeba wazo kwamba yeye ni mjinga.

Nilisomea biashara, na katika habari ya mtu yeyote huwa natafuta daftari: ilimgharimu nini, na kwa muda gani? Hapa daftari lipo. Kuanzia Oktoba 1926 hadi Desemba 1927, Mtawala alimwona Logue zaidi ya mara 80. Na katika miezi hiyo 14, karibu sita alikuwa safarini ng'ambo. Ondoa hiyo sita, unabaki na miezi minane. Ni kama mara kumi kwa mwezi, mbali na ile saa moja ya kila siku nyumbani. Mke wake mara nyingi aliandamana naye kujifunza yale mazoezi. Sisi tunampeleka mtoto kliniki mara moja, tukiona hakuna mabadiliko tunasema tumejaribu kila kitu.

Ile safari ya ng'ambo ndiyo iliyokuwa mtihani. Walimwacha mtoto wao Elizabeth, ambaye hajafikisha hata mwaka, wakasafiri kwa meli hadi New Zealand na Australia, na tarehe 9 Mei 1927 akafungua jengo jipya la Bunge mjini Canberra. Alizungumza mbele ya umati nje ya jengo, kisha tena ndani, na maneno yakatoka. Yalitoka polepole, yakiwa na vituo, lakini yalitoka. Wale mlioona filamu ya mwaka 2010 kuhusu habari hii mtashangaa, kwa sababu filamu inasogeza mambo mpaka ionekane kama alimpata Logue karibu na kupewa ufalme. Ukweli ni kwamba kazi ilikuwa imeanza miaka kumi kabla. Filamu haina subira ya miaka kumi.

Halafu likaja lile ambalo hakuliomba. Baba yake alifariki Januari 1936, David akawa Mfalme Edward wa Nane, na kabla mwaka haujaisha akakiacha kiti ili amwoe Wallis Simpson, mwanamke aliyekuwa ameshaachika mara moja na wakati huo alikuwa katika kumwacha mume wa pili. Tarehe 11 Desemba 1936 Bertie, akiwa amebakiza siku tatu kutimiza miaka 41, akawa mfalme. Akachagua jina la baba yake, George.

Siku mbili baadaye, Jumapili jioni, Askofu Mkuu wa Canterbury, Cosmo Lang, alizungumza redioni. Bila shaka nia yake ilikuwa njema. Aliwaeleza wasikilizaji kwamba mfalme mpya husita mara moja moja anapozungumza, lakini ameshalimudu jambo hilo na lisiwape wasiwasi. Basi tangu hapo himaya nzima ikawa inasikiliza kigugumizi badala ya kumsikiliza mtu. Hakuna aliyemwomba Askofu kutoa tangazo hilo. Nasi watu wa madhabahu tunaupenda ufunguzi wa namna hii: mpendwa huyu anayekuja ana shida kidogo ya kuongea, mpigieni makofi kumtia moyo. Tafadhali, wahudumu na viongozi wa ibada, tuache. Mpe mtu maiki, taja jina lake, kaa chini. Akikwama, mwangalie usoni kama unavyomwangalia mtu yeyote, na usimmalizie neno. Unapommalizia unamwambia kwamba wakati wako ni wa thamani kuliko anachotaka kusema, na mara nyingi neno unalomwekea mdomoni si lake. Kumwambia atulie au avute pumzi pia hakusaidii, ameshajiambia hivyo mara elfu.

Kuna jambo la ajabu kidogo ambalo wanakwaya wetu watalifurahia. Mtu mwenye kigugumizi kwa kawaida akiimba hakwami. Akisoma pamoja na wengine kwa sauti moja, hakwami pia, au hukwama kidogo sana. Kwa hivyo mtoto anayeshindwa kukariri mstari peke yake anaweza kuusoma vizuri akiwa na mwenzake. Mwalimu, mpangie mwenzake. Na mzazi, kama kugugumia kwa mtoto kumepita miezi sita, au kunaongezeka, au ameanza kuogopa kuongea, au katika ukoo yuko mwingine aliyekua nako, usingoje. Anza kliniki, omba rufaa kwa mtaalamu wa matamshi. Wataalamu hao ni wachache nchini na wengi wako mijini, hilo nalijua. Vilevile kuna vituo vya serikali vya kupima mahitaji ya watoto kielimu, vinavyoitwa EARC, katika kaunti zetu, na mwalimu mkuu anaweza kukuelekeza. Nyumbani, zungumza naye taratibu, mpe dakika chache kila siku ambazo hakuna anayemkatiza.

Mfalme hakupona. Hilo lazima nilisema, kwa sababu tunapenda shuhuda zinazoishia na kupona kabisa. Kutawazwa kwake tarehe 12 Mei 1937 kulikwenda vizuri, na jioni ile alizungumza redioni moja kwa moja, Logue akiwa karibu naye. Lakini kila hotuba ilikuwa kazi upya. Logue alipitia karatasi kabla ya mfalme, akafuta maneno yanayoanza na sauti ngumu na kuweka mepesi badala yake, akachora mistari midogo mahali pa kupumzika. Walisoma pamoja tena na tena. Jumapili tarehe 3 Septemba 1939, siku Uingereza ilipotangaza vita dhidi ya Ujerumani, alitakiwa kuzungumza na himaya yote saa kumi na mbili jioni, na sisi tukiwamo. Walikuwa wawili tu katika chumba kidogo. Picha iliyotolewa inamwonyesha ameketi mezani akiwa na sare za jeshi, lakini kusema kweli alisoma akiwa amesimama, maana hewa hupita vizuri hivyo. Ilichukua chini ya dakika sita.

Kisha kila Krismasi wakati wa vita. Baba yake ndiye aliyeanzisha salamu za Krismasi redioni mwaka 1932, na sasa watu walizingoja. Familia ilijua kwamba chakula cha siku hiyo kwake hakina ladha mpaka saa ya redio ipite. Wakati huo mabomu yalikuwa yakianguka London, hata jumba lake lenyewe lilipigwa Septemba 1940 yeye na mke wake wakiwa ndani, na bado aliogopa ile maikrofoni ya Krismasi. Krismasi ya 1944 alizungumza bila Logue kuwapo, kwa mara ya kwanza. Alikuwa na miaka 49, na walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka 18.

Sigara zilimmaliza, alivuta sana. Septemba 1951 alipasuliwa na pafu lake la kushoto likatolewa kwa sababu ya saratani. Mtu ambaye kwa miaka 25 alikuwa amejifunza kuzungumza kwa kuitawala hewa sasa alikuwa na pafu moja. Krismasi ile hotuba yake haikuwa ya moja kwa moja. Ilirekodiwa mapema, kipande kwa kipande, kwa kadiri pumzi ilivyomruhusu, mafundi wakaviunganisha.

Tarehe 31 Januari 1952 alimsindikiza binti yake Elizabeth uwanja wa ndege wa London. Elizabeth alikuwa anakuja Kenya. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari, binti akiwa Treetops karibu na Nyeri akitazama wanyama wakinywa maji, baba yake alifariki usingizini kule Sandringham, alipozaliwa. Alikuwa na miaka 56. Habari zilimfikia Elizabeth mchana, pale Sagana.

Logue alifariki mwaka uliofuata, mwezi wa Aprili. Karatasi zake zilibaki kwenye familia mpaka mjukuu wake Mark alipozikusanya na kuandika kitabu, na ndiyo maana leo tunajua mengi ya yale waliyofanya wawili hao ndani ya chumba kile.